Kinguo cha mtoto, mtumishi wa saa kumi alfajiri na mama yako kule Tukuyu

Swali la leo ni la dada mmoja wa Mbalizi, nimelifupisha maana lilikuwa refu:

"Shikamoo baba mchungaji. Mimi nina mtoto mmoja wa mwaka na miezi, nauza viazi na karoti hapa Mbalizi. Tangu mwaka jana niko kwenye magrupu manne ya maombi ya WhatsApp na nasikiliza mtumishi mmoja laivu kila siku saa kumi alfajiri. Mwezi wa tatu alisema kuna mtu, mwanamke mtu mzima wa damu yako, amechukua kitu cha mtoto wako na hicho ndo kimefunga biashara yako. Nikakumbuka mama alipokuja kunihudumia uzazi aliondoka na kinguo cha mtoto akaenda nacho kwetu Tukuyu. Tangu hapo simu zake sipokei na hela ya matumizi nimeacha kumtumia. Nimetoa sadaka ya ukombozi laki na nusu, mume hajui, admini aliniambia nisimwambie mtu. Jirani yangu sokoni naye anasema kanisa letu limepoa niondoke kabisa. Mtoto anaumwaumwa. Baba nimechoka, sauti zimekuwa nyingi. Nimsikilize nani? Na nikianza kuchuja watumishi wa Mungu si nitakuwa nahukumu?"

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, mara ya kwanza nikiwa kwenye daladala natoka Mwanjelwa, nikapitiliza kituo changu mpaka nikajikuta Uyole, konda ananicheka mzee vipi leo.

Nianze na mtoto, hayo mengine yatasubiri. Hapo ulipo hospitali ya Ifisi ni karibu, mpeleke kesho asubuhi, beba kadi yake ya kliniki, mweleze daktari homa zilianza lini na zinarudi baada ya siku ngapi, na akipewa dawa amalize dozi. Kuomba, endelea kuomba, hata mimi naomba na leo nimemtaja. Ila sauti yoyote ile, ya nabii, ya shangazi, ya muuza miti shamba, ikikwambia acha dawa tuone imani yako, hiyo hata kupimwa haihitaji, iache palepale. Luka aliyetuandikia Injili Paulo anamwita "tabibu mpendwa", Wakolosai 4:14, na sijaona mahali Paulo alipomwambia sasa umeokoka achana na udaktari.

Haya, turudi kwenye sauti zako.

Sitakwambia kama huyo mtumishi ni wa kweli au wa uongo, simjui, jina hukunitajia na umefanya vizuri. Ila maneno yake umeniandikia, na yaliyotokea nyumbani kwako umeniandikia, kwa hiyo hayo mawili naweza kuyatazama. Maneno yenyewe: mwanamke mtu mzima wa damu yako amechukua kitu cha mtoto. Sasa we fikiria wamama mia tano wameshika simu saa kumi alfajiri, wengi wao wana watoto, na huku kwetu ukijifungua nani anakuja kukukandia maji ya moto na kukupikia uji? Ni mama, au shangazi, au dada mkubwa. Wanawake, watu wazima, wa damu. Na akiondoka baada ya mwezi na nusu atakosaje kubeba kitu, kanga, chupa ya chai, kisoksi, chochote? Hilo neno ni kama gauni la mtumba la fri saizi, kila atakayelijaribu litamkaa na ataapa lilishonwa kwa ajili yake. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa injili hapa mjini, mhubiri mgeni akafumba macho akashika paji la uso akasema namwona mtu, jina lake la ukoo linaanzia na M. Mbeya hii! Mwakalinga, Mwaipopo, Mwakyusa, Mwambene, nusu ya uwanja ukasimama. Mke wangu alicheka mpaka akajifunika kanga usoni, na yeye mwenyewe alipaswa kusimama maana kwao ni Mwa-nanihii.

Na hiyo biashara iliyofungwa, mwanangu, mwezi wa tatu ule uliuza gunia bei gani na wenzako waliuza bei gani? Viazi vya Umalila na Isangati vikitoka kwa mpigo, malori yamejaa na wanunuzi wa Dar wanachagua, bei inaporomoka kwa kila mtu, kwa Mlokole, kwa Mwislamu, kwa yule anayekunywa kimpumu kuanzia asubuhi. Kama nyota yako imeshikwa basi zimeshikwa za soko zima. Haya mtumishi hayajui kwa sababu hajawahi kubeba gunia la viazi, na sio kosa lake kutojua, kosa ni kusema.

Hapo ndo naanza kukupa jibu langu. Watu wengi wakiniuliza nisikilize nani wanataka nitaje majina, huyu mzuri huyu mbaya. Mi naangalia kitu kingine: je hiyo sauti inaweza kuulizwa swali? Na je, anayeongea anakujua, yani anakujua wewe, jina lako, mume wako, kibanda chako, ulivyokasirika Jumanne? Yesu kwenye Yohana 10 anasema kondoo humfuata mchungaji kwa kuwa waijua sauti yake, afu anaongeza, "mgeni hawatamfuata kabisa, bali watamkimbia, kwa maana hawaijui sauti ya wageni." Mi nimekulia Rungwe nikichunga ng'ombe wa babu, nikwambie mnyama hajui sauti kwa sababu ni tamu au kwa sababu ina mwangwi wa spika. Anaijua kwa sababu ndiyo iliyomtoa zizini jana, na juzi, na siku ile ya mvua ya mawe. Babu alikuwa na sauti mbaya kama debe bovu lakini akiita tu ng'ombe wote masikio juu. Mimi nikiita kwa kumwigiza, wanageuka wananitazama, wanaendelea kula. Na mstari wa tatu unasema mchungaji huwaita kondoo wake kwa majina yao. Kwa majina, mwanangu. Sio "kuna mtu".

Sisemi kila sauti ngeni ni mbaya, hapana. Wamoraviani waliofika Rungwe 1891 walikuwa wageni kabisa, hata chumvi hawakujua kuiomba, ila walikaa, wakajifunza Kinyakyusa, wakaumwa homa zilezile tulizoumwa, watu wakawatazama miaka na miaka kabla ya kuwapa masikio. Na Musa alisikiliza ushauri wa Yethro ambaye alikuwa kuhani wa Midiani, hakuwa Mwisraeli, soma Kutoka 18, lakini angalia Yethro alifanya nini kabla ya kushauri: alikaa siku nzima akamtazama mkwewe akifanya kazi toka asubuhi hata jioni. Ndipo akasema jambo hili ufanyalo si jema. Alikuwa ameona.

Sasa ngoja nikupeleke shambani maana wewe viazi unavijua kuliko mimi. Unajua mnyauko. Unajua mbegu inaweza kuwa nzuri, ngumu, ngozi safi, macho yametoka vizuri, ukapanda, mche ukaota kijani kabisa na siku moja mchana jua kali unakuta umelala kama umemwagiwa maji ya moto na majani bado ni mabichi. Ugonjwa ulikuwemo tangu kwenye mbegu, kwa macho huwezi kuuona. Mkulima mmoja wa Uyole mwaka juzi alinionyesha kipimo ambacho wakulima wengi wamefundishwa: unakata kipande cha shina la chini kama urefu wa kidole, unakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, unatulia, hutikisi. Tulikaa pale kwenye benchi mimi na yeye tukiangalia glasi kama watu wanaoangalia mpira. Haikupita muda mrefu, nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye ule mkato, nyembamba, kama maziwa yanavyoshuka kwenye chai ya rangi. Akasema basi, hili shamba limekwisha, na kweli bakteria hao wakishaingia kwenye udongo hawatoki mwaka mmoja, inabidi upande mahindi au ngano misimu kadhaa. Kilichonishika mimi ni kwamba shina lenyewe kwa nje lilikuwa zuri tu.

Sauti nayo kwa nje haikuonyeshi kitu, mistari ya Biblia inataja, machozi inatoa, jina la Yesu limo. Inabidi uiweke kwenye glasi. Na glasi ya sauti ni swali. Andika kwenye lile grupu, kwa heshima kabisa, shikamooni watumishi, naomba kuuliza, ni andiko gani linalosema mke asimwambie mume wake kuhusu sadaka? Afu weka simu chini, tulia, usitikise. Kama watakujibu kwa upole, wakakufungulia Maandiko, au wakasema dada umeuliza vizuri admini alikosea, basi umepata kitu, nitafurahi na mimi. Kama utaambiwa una roho ya uasi, au wakakutoa, au admini akaja inboksi kukutisha kuwa mtoto atapata madhara, mwanangu hizo ndo nyuzi nyeupe.

Paulo alipohubiri Beroya watu wake walikuwa "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo", Matendo 17:11, na huyo waliyekuwa wanamchunguza ni Paulo mwenyewe, mtume, sio mtu wa jana. Na Luka hakusema walikuwa wakaidi, alisema walikuwa waungwana kuliko wa Thesalonike.

Najua watakachokujibu. Watakutumia Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Huu mstari umefunga midomo ya watu wengi kuliko gundi. Nenda kausome kuanzia mstari wa tisa, utaona wanaoongelewa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wakitangatanga taifa hata taifa, na Mungu anawakemea wafalme wasiwadhuru. Yani mstari unamlinda mnyonge asiye na ardhi mbele ya mfalme mwenye jeshi. Leo unatumiwa kumlinda mwenye spika na lipa namba mbele ya mama anayeuza karoti. Na kuuliza sio kugusa, Paulo alimpinga Petro ana kwa ana, Wagalatia 2:11, na Petro hakuitisha moto.

Kuhusu kuhukumu ntapita haraka. Mathayo 7:1 anasema msihukumu, Mathayo 7:15 sura ileile anasema jihadharini na manabii wa uongo, mtawatambua kwa matunda yao. Utatambuaje tunda bila kuliangalia? Kuhukumu ni kumpangia mtu mahali pake pa milele, hiyo sio kazi yako wala yangu. Kuchagua nani akae sikioni kwako kila alfajiri ni kazi yako, na hata ukilala hakuna wa kukufanyia.

Sasa nikuhadithie sura ambayo naisoma kwa shida, 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu alitumwa kutoka Yuda kwenda Betheli kukemea madhabahu ya Yeroboamu. Aliambiwa usile mkate, usinywe maji, usirudi kwa njia uliyoijia. Mfalme akamkaribisha nyumbani ale, akakataa, hata ukinipa nusu ya nyumba yako siendi. Unaona, sauti ya adui aliishinda vizuri tu. Afu akakaa chini ya mti apumzike, akaja nabii mzee juu ya punda, mtu wa heshima, mvi kichwani, akamwambia, "Mimi nami ni nabii kama wewe", malaika amesema nami nikurudishe ule chakula kwangu. Biblia inaongeza neno moja fupi tu, lakini alimdanganya. Akarudi, akala, na njiani simba akamwua. Mfalme alishindwa, mzee wa dini akaweza, kwa sababu kwa mfalme alikwenda akiwa amejihami na kwa mwenzake alivua silaha zote.

Wahubiri wengi wanaihubiri hiyo sura kwa kuwaonya vijana wasidanganywe. Mi nikiisoma najiona kwenye punda. Kuna mwaka ulikuja mchezo mmoja wa fedha, lugha yake yote ya kanisani, hawasemi kuweka hela wanasema kupanda, hawasemi faida wanasema kuvuna. Mchungaji mwenzangu tuliyesoma pamoja chuo cha theolojia akanijia nyumbani jioni, tukala, akaniambia mimi nimevuna mara mbili na nimeomba nikapata amani. Sikumuuliza hiyo hela inazalishwa na nini. Ningekuwa nimeuziwa ng'ombe na mtu nisiyemjua ningekagua mpaka meno, ila kwa sababu alisema amepata amani nikatoa. Sawa, hiyo ni hasara yangu. Shida ni kwamba Jumapili baada ya matangazo mtu aliniuliza kuhusu mchezo ule mbele ya watu nikajibu kwa maneno matatu tu, "hata mimi nimo". Sikuhubiri, sikushawishi. Wajane watatu wa usharika wangu walitoa hela wiki ile, mmoja aliuza ndama. Mchezo ulipokufa nilikwenda kwake kuomba radhi, nikamkuta jikoni anamenya ndizi, hakuinua kichwa, akasema, "Mchungaji, mimi ule mchezo sikuuamini. Nilikuamini wewe." Akaendelea kumenya. Yale maganda yalivyokuwa yanadondoka kwenye beseni nayakumbuka mpaka leo. Ndama nimemlipa kidogo kidogo miaka miwili.

Kwa hiyo mwanangu hata mimi unayeniuliza niweke kwenye glasi. Mistari niliyokutajia ifungue mwenyewe, kuna mahali naweza kuwa nimeteleza.

Jirani yako wa sokoni. Anaweza kuwa anasema kweli kwamba kanisa lenu limepoa, sitabisha. Nitakwambia kinachoniuma kwenye barua yako ni kitu ambacho hukukiandika. Mtoto wako ameumwa miezi, biashara imeyumba, na hakuna mahali ulipoandika kwamba mzee wa kanisa alibisha hodi kwako. Mtumishi wa saa kumi alfajiri alikupata kirahisi kwa sababu alikukuta uko macho peke yako na sisi tumelala. Hilo ni letu sisi wachungaji na wazee, nalikubali. Ila pima na hilo la jirani: anataka uondoke uende wapi? Kwa nani? Mara nyingi anayekwambia toka hajawahi kukwambia ingia. Kuna yule Yonadabu kwenye 2 Samweli 13, rafiki yake Amnoni mwana wa Daudi, Biblia inasema alikuwa mtu mwerevu sana, alikuja akamwona rafiki yake amekonda akampa shauri la dakika mbili, shauri likavunja nyumba nzima ya Daudi, na mauaji yalipotokea Yonadabu huyohuyo akaja kwa mfalme anachambua matukio kama mtangazaji. Hakulipa hata senti moja ya shauri lake. Sisemi jirani yako ni Yonadabu. Nasema mtu akikushauri angalia kama mambo yakiharibika na yeye ataumia au ataendelea kupanga nyanya zake.

Na sasa mama.

Marko 7 kuanzia mstari wa tisa, Yesu anawakuta watu wa dini waliotengeneza njia ya kumtolea Mungu sadaka ili wasimpe mzazi. Mtu anamwambia baba yake au mama yake, kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani, yani wakfu, nimeshakipeleka kwa Mungu. Watu walimwona mcha Mungu kweli. Yesu akasema mnalitangua neno la Mungu. Soma taratibu afu uangalie ile laki na nusu na ile hela ya mama ya mwisho wa mwezi. Mi sina haja ya kuongeza kitu hapo.

Ila nisikudanganye pia kwamba sauti ya mama ni sauti ya Mungu. Petro alimpenda Yesu kweli na bado siku moja aliambiwa nenda nyuma yangu, Shetani, kwa sababu upendo wake ulikuwa unamzuia Bwana njia ya msalaba. Wazazi wanakosea, wengine wana mambo ya mila ambayo wewe kama Mkristo hutayafanya, na unaruhusiwa kusema mama hili hapana. Lakini kumwambia mtu hapana ni kitu kimoja, na kumzika akiwa hai bila kumwambia kosa lake ni kitu kingine kabisa. Mama yako hajui ameshitakiwa. Mahakama imekaa kwenye simu yako alfajiri, shahidi ni kinguo, hukumu imetoka, mshitakiwa yuko Tukuyu anapalilia migomba anajiuliza mtoto wangu amepatwa na nini. Mithali 18:17 inasema anayejitetea kwanza huonekana ana haki mpaka jirani yake aje kumchunguza. Upande wa pili hujausikia. Na haya maneno ya nani kachukua nini cha mtoto hayabaki kuwa maneno, sisi watu wa nyanda za juu tunajua, Njombe mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa kwa imani za kishirikina na watu wazima wengi waliishi kwa kuogopana. Siku hizi ushirikina umejifunza kusema haleluya, sura inaweza kubadilika lakini kazi yake ni ileile, kukufanya umwogope mtu wa ndani.

Fanya hivi basi. Magrupu sio lazima uyafute yote kwa hasira, yanyamazishe wiki mbili, na hiyo saa kumi kama unaweza kuamka amka, ila simu ibaki chumba kingine, soma Zaburi moja kwa sauti yako mwenyewe, sauti yako, uisikie ikisoma. Siku za kwanza utahisi woga kama mtu aliyeacha dozi, na simu yenyewe itakusumbua maana ukishatazama klipu moja ya laana inakuletea ishirini, inadhani ndo chakula unachopenda. Usiogope. Woga unaokuja kwa sababu hujasikiliza mtu fulani leo sio Roho Mtakatifu, "Mungu hakutupa roho ya woga", 2 Timotheo 1:7.

Mume mwambie leo. Usisubiri upate hela ya kufidia kwanza. Atakasirika, ana haki, mwache akasirike, usijitetee kwa mistari. Mwambie kiasi kamili, laki na nusu, usiseme elfu themanini. Kama mnaogopana, mwiteni yule mzee na mke wake waliosimamia ndoa yenu wakae nanyi, hiyo ndo kazi yao, hawakula pilau ile bure.

Na kanisani tafuta mama mmoja, sio kundi, mmoja, ambaye umemwona akipita kwenye shida na hakuwa mtu wa maneno mengi. Unamjua, kila usharika anaye. Mara nyingi anakaa benchi la nyuma na hajawahi kushika maiki. Mwombe awe anakuombea na wewe uwe unamwambia ukweli. Akikosea utamwona, na wewe ukikosea atakuona.

Kisha mama. Usimpigie ukiwa sokoni, kelele. Piga jioni akiwa ameshatoka shamba. Usianze na kinguo, anza na shikamoo, muulize mvua, muulize mguu wake kama bado unamsumbua, mwambie mtoto umempeleka Ifisi na daktari amesema nini. Atalia au atakugombeza, akina mama wa kwetu wanaanza na kugombeza. Akishamaliza ndo umuulize, mama kile kinguo cha mtoto ulichoondoka nacho ulikichukua kwa nini? Afu nyamaza, usimsaidie kujibu.